Tromboni Iliyong'aa Mno

Mama alifariki Januari 2013, na kaka yangu Osea akaapa kwamba Pasaka ikifika atampigia tromboni kaburini. Kwetu kijijini Ruanda, jirani na Vwawa, Wamoraviani tunaipokea Pasaka makaburini alfajiri. Husomwa majina ya waliotutoka mwaka huo, na bendi ya usharika hupuliza. Lakini tromboni ya bendi ilikuwa imepasuka. Osea akashinda siku tatu kwenye kibanda cha intaneti pale Vwawa, mpaka akapata iliyotumika huko Johanesibagi. Usharika ukachanga, muuzaji akaituma kwa basi hadi Nakonde, upande wa Zambia.

Tulivuka mpaka kuifuata Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka. Tulipokabidhiwa tu, Osea akaketi kwenye baraza la ofisi ya basi, akatoa limau na majivu aliyoyafunga kwenye mfuko wa rambo.

"Osea! Dirisha la malipo forodhani linafungwa saa sita."

"Leo ni siku ya kusugua, dada Ruti. Bendi nzima inasugua saa hizi."

Alisema kweli, maana bendi haiendi makaburini na shaba chafu. Akasugua mpaka ningeweza kujifunga kilemba kwa kujitazama humo.

Njiani kurudi, mbeba mizigo mmoja aitwaye Masumbuko akatufuata. "Mzee wa muziki, nipe hiyo. Dakika tano iko Tanzania, hujaonana na mtu."

"Mama yangu nimpigie kitu cha magendo?" Osea akamjibu. "Si atafufuka kabla ya siku yake anichape?"

Masumbuko akacheka, lakini hakuondoka. Alitufuata hadi forodhani, nadhani ili aone tutakavyokwama.

Na tulikwama. Afisa kijana aitwaye Fanuel alisoma karatasi ya muuzaji, akaitazama tromboni, akaisoma karatasi tena.

"Kaka, karatasi inasema imetumika. Macho yangu yanasema imetoka kiwandani jana."

"Nimeisugua, mheshimiwa."

"Umeisugua kabla ya kuileta kukaguliwa?"

"Ni Jumamosi ya Pasaka!"

Fanuel akapiga hesabu ya ushuru wa kitu kipya. Tulichokuwa nacho hakikufika hata nusu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo.

"Nipe dakika kumi niichafue," Osea akasema.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja wa Kizambia aliyebeba mafungu ya vitenge akapiga makofi. "Awe, mwebantu! Jamani, huyu ataniua!"

"Ipakeni oili ya lori!" Masumbuko akapaza sauti kutoka mlangoni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiifikiria zamu ya jina la Mama, na bendi ikipuliza bila sauti ile nzito aliyoipenda.

Kelele zile zikamtoa ofisini mkubwa wa zamu, mama wa makamo aitwaye Ferista. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akaichukua tromboni. Hakuutazama ule mng'aro hata kidogo.

"Nje amesugua," akamwambia Fanuel. "Ndani je? Tafuta waya na kitambaa cheupe."

Kitambaa kikafungwa kwenye waya, kikapitishwa ndani ya bomba. Kilipotokea upande wa pili kilikuwa kijani kama mboga, tena kinanuka. Fanuel akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya ni mate ya miaka mingapi?" Mama Ferista akauliza.

"Mate ya Johanesibagi!" Masumbuko akaitikia, na safari hii na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Imetumika, tena sana," mama yule akasema. "Fanuel, piga hesabu upya. Na wewe mpuliza tarumbeta, kimbia dirishani."

Osea alikimbia. Alirudi saa sita kasorobo, karatasi yenye muhuri mkononi, jasho likimtiririka, na Masumbuko mwenyewe akatubebea tromboni hadi kwenye basi dogo la Vwawa. Alikataa malipo.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Mchungaji aliposoma jina la Mama, Osea alipuliza kabla ya wenzake, peke yake, sauti moja ndefu iliyoteremka hadi kwenye mibuni. Kiongozi wa bendi alimtupia jicho. Osea hakukoma, na wenzake wakamfuata.