Mahali Pasipo Watoto Wala Maneno

Wivu ninao, sikatai. Watu husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nimeushiriki tangu naolewa na sijakonda, muulizeni anayenishonea nguo. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mwaka wa themanini na sita nilipanda meli ya Wazungu kwenda kumtafuta mwanamke wa mume wangu, usinicheke kabla sijamaliza.

Mume wangu Seif alikuwa mhudumu wa hoteli hapa Malindi, kisha akapata kazi kwenye meli ya watalii. Meli ile ilikuwa ikitoka Mombasa, inapita kwetu, inakwenda Unguja na Shelisheli, halafu inarudi. Kila Alhamisi ya pili ilitia nanga mbele ya mji. Wageni walishushwa kwa maboti mpaka jeti, wakapelekwa Gede kutazama magofu, wakala chakula cha mchana hotelini. Na wafanyakazi wenye kwao hapa walipewa ruhusa ya kuja nyumbani, saa sita mpaka saa tisa.

Masaa yale matatu ndiyo yaliyokuwa ndoa yangu. Nilipika tangu alfajiri. Akifika mlangoni watoto wanne wanamrukia, huyu mabegani, huyu mguuni, nami namweleza yote ya wiki mbili: paa linavuja wapi, mwanetu Faki kapigana na nani chuo cha Kurani, shangazi yake kanisema nini harusini. Ningemweleza nani mwingine? Anakula namweleza, ananawa namweleza, mpaka avae viatu.

Akiondoka, nilimpa asumini. Nina mti wangu uani, na kila safari nilizitunga kwa uzi, nikazifunga kwenye jani bichi la mgomba zisinyauke njiani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba, na sikumuuliza za nini. Kwetu asumini haiulizwi. Ni ya kitandani, ya mume na mke, basi. Nikajua anaiweka kwenye mto wake huko baharini apate kunikumbuka. Kila safari akataka nyingi zaidi, na mimi bwana, nikatamba mtaa mzima.

Baada ya Idi akaacha kuja. Alimtuma Kioko, dobi wa meli, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aniambie kwamba wahudumu wa sitaha ya juu wamenyimwa ruhusa, na tafadhali nimpe Kioko asumini. Alhamisi ya kwanza nikaamini, nikatoa asumini. Ya pili nikanuna, nikatoa. Ya tatu nikamkalisha Kioko barazani, nikamwekea chai na mahamri, nikamuuliza huko sitaha ya juu kuna nini.

Kioko ni Mkamba mpole asiyejua hila, ndiyo maana nilianza na yeye. Akanieleza akitafuna. Kule juu, nyuma kabisa ya meli, pametengwa mahali maalumu. Watoto hawaruhusiwi kupita. Wakubwa wenyewe hawazungumzi, wakizungumza wananong'ona. Wanalala tu kwenye viti virefu, nusu uchi, na Seif kazi yake ni kuwatandikia taulo, kuwapa maji baridi, na kuwatilia asumini kila mmoja kitini pake. Wageni wanazipenda sana zile asumini, Mama Faki, akasema, hasa wale akina mama.

Nikamwondolea mahamri mbele yake.

Sasa nisaidie wewe. Mahali pasipo watoto wala maneno, watu wamelala, pametiwa asumini: mimi katika maisha yangu nilijua mahali pamoja tu, na ni chumbani kwa bibi harusi. Na maua ni yangu. Nimeyachuma kwa mikono yangu, nimetoboa vidole kwa sindano, kumbe natandika kitanda cha mwenzangu. Usiku ule sikulala. Nilimtengeneza mwanamke yule kichwani toka unyayo mpaka nywele. Mjerumani, mrefu, ana madoa mabegani. Nilimchukia mpaka nikamjua sauti, na kumbe hata kuzungumza hazungumzi.

Kilichonimaliza ni Easter, mke wa Kioko. Nilikwenda kwake kupeleka sare za watoto zipunguzwe, akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini sijaenda hata siku moja kuitazama meli. Nahodha ameruhusu tangu mwaka jana, kila mfanyakazi amlete mtu wake mmoja wakati wageni wako Gede. Yeye kaenda mara mbili. Wake wa wapishi wote wamekwenda. Nikamwambia sikujisikia vizuri. Nilifika nyumbani nikakaa chini jikoni nikalia.

Alhamisi iliyofuata asumini za Seif nilizitanguliza kwa boti ya kwanza asishuku, nikawaacha watoto kwa jirani, nikavaa buibui jipya, nikamwambia Easter leo nafasi yake naichukua mimi. Hakubisha. Kioko alibisha kidogo, nikamtazama, akanipeleka.

Boti ilinitapisha, lakini nilifika. Kioko akataka kunionyesha mashine za kufulia. Nikamwambia nionyeshe ngazi. Tukapanda moja, tukapanda ya pili, ya tatu akasimama. Palikuwa na kibao chenye picha ya mtoto aliyepigwa mstari mwekundu. Kioko akaniomba, kwa jina la Mungu, nisipige kelele huko juu, yeye ana watoto wa kulisha. Nikapita.

Nilikuwa nimejiandaa, wallahi. Matusi nilikuwa nayo ya kutosha Ujerumani nzima. Nikafungua turubai lililopaziba.

Palikuwa na viti virefu ishirini na nne, vimepangwa kivulini, taulo nyeupe kila kimoja, na juu ya kila taulo uzi mfupi wa asumini yangu. Hapakuwa na mtu. Halafu nikaona mguu. Kwenye kiti cha mwisho alikuwa amelala Seif, viatu kavivua kaviweka sambamba, mikono juu ya tumbo, mdomo wazi kidogo. Alikuwa peke yake. Miaka kumi na moja nimelala na mtu yule, na sijamwona amelala vile. Hata ile mistari ya paji la uso haikuwapo.

Nikamwita. Akafumbua macho, akaniona, na uso ukamshuka. Ulikuwa muda mfupi tu, kisha akajikusanya, lakini nilikuwa nimeshauona.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Uliyemtandikia."

Akasema wageni wote wako Gede. Sikumsikiliza. Nilitazama nyuma ya turubai, nikafungua kabati la taulo, nikainama chini ya viti kimoja kimoja na buibui langu jipya. Sikupata hata unywele. Nikarudi nikasimama mbele yake, nikamuuliza basi ni nani aliyemnyima ruhusa ya kuja kwake.

Akaangalia vidole vya miguu yake.

"Sikunyimwa," akasema. "Hapa hapana anayeniita, Mastura. Nalala masaa matatu. Nyumbani nikiingia, watoto huku, wewe huku, tangu mlangoni mpaka natoka. Nilitaka kukwambia. Sikupata pa kuingiza neno."

Ingekuwa ni mwanamke, ningejua la kumfanya. Ningemzidi kwa mapishi, kwa udi, kwa ulimi. Kama ni kushikana, ningemshika. Sasa ningemshika nani? Nilisimama pale nikakionea wivu kiti cha mbao. Nikauonea wivu upepo uliokuwa ukimpiga usoni bila kumwambia chochote. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba palikuwa pazuri. Hata mimi, na hasira zangu zote, nilisikia mabega yananishuka.

Niliziokota asumini zangu kiti baada ya kiti, ishirini na nne zote, nikazitia mkobani, nikashuka. Kioko alinishukuru kwa kutopiga kelele.

Nilikuwa na wiki mbili za kufikiri. Na Alhamisi ile Seif alikuja, nilijua atakuja, kwa aibu. Watoto nilikuwa nimewapeleka Mambrui kwa mama yangu tangu jana yake. Nyumba nimeifagia, madirisha ya njiani nimeyafunga, nimefukiza udi, nimeoga, nimevaa. Akaingia akasimama mlangoni anangoja kurukiwa. Nikamkaribisha, nikamwekea maji baridi na chakula, nikakaa upande wa pili na mkeka niliokuwa nikiusuka. Nikanyamaza.

Mwanzo alifurahi. Akala, akajinyoosha kitandani, akafumba macho. Nilimwona anatabasamu. Robo saa ikapita, akafumbua jicho moja. Akauliza watoto wako wapi. Nikamwambia. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu jana. Akauliza basi jana usiku nililala na nani nyumbani. Nikasema peke yangu, nikaendelea na mkeka. Akauliza kuna habari gani za wiki mbili hizi. Nikasema hakuna.

Hapo akakaa kitako. Akaniangalia nguo. Akauliza udi huu ni wa nini mchana huu, nikacheka kidogo tu, sikujibu. Akainuka akaenda uani, akarudi. Akaenda tena, nikamsikia anasukuma mlango wa choo. Akaingia chumbani, akatazama nyuma ya mlango, akidhani simwoni. Mume yule tangu anioe hajawahi kuniuliza nilikuwa wapi. Nikienda harusini nikarudi alfajiri, huuliza kama nimekula. Nilikuwa nikidhani hana wivu, kama watu wengine wasivyo na sauti ya kuimba.

Saa tisa kasoro robo boti ikapiga honi kule jeti. Seif alikuwa amesimama katikati ya chumba, viatu mkononi, jasho limemtoka. Ikapiga mara ya pili. Hakuondoka.

"Mastura," akasema, na sauti ilikuwa imemkauka, "nani huja humu nikiwa sipo?"

Neno moja tu lingemtuliza, na mimi maneno ninayo, Malindi nzima inajua. Nikaweka mkeka chini, nikamletea kofia yake ya kazi, nikamfungulia mlango.