Kati ya Msafara na Msasa

Mzee alilikata neno kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja tu, taratibu. Akafunika kalamu, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Haya, binti. Umenishinda." Wajumbe wa kamati wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti. Ningekuwa na uwezo, kicheko kile ningekirudisha kooni.

Neno lenyewe lilikuwa msaidizi.

Tulikuwa tunaandaa ensaiklopidia, na usidhani kazi yetu kubwa ilikuwa kuandika. Ilikuwa kukataa. Kinyozi aliingia kitabuni baada ya vuta nikuvute ya asubuhi nzima. Karani alitoka, akarudi, akatoka tena. Msasa, ule wa kusugulia mbao, ulipita bila mtu kukohoa. Mzee, mhariri mkuu wetu, alikuwa na kipimo kimoja: kama kamusi imeshamaliza kusema, sisi tunyamaze.

Halafu alikuwa na mchezo wake. Mara mojamoja alituletea mezani makala mbovu aliyoitunga makusudi, aone nani amelala. Aliyeinasa hakupewa pongezi. Alipewa kazi zaidi. Mimi nilizinasa nyingi, ndiyo maana nikawa msaidizi wake. Nilimsomea hati macho yake yalipoanza kufifia. Nilijua chai anaitaka vuguvugu na mlango anautaka nusu wazi. Ahsante yake sikuwahi kuisikia, na jamani, niliitamani. Mtu mzima na akili zangu, nilikuwa narudi nyumbani nikijiuliza kama leo ametikisa kichwa au alikuwa anafukuza nzi.

Basi katika mkutano wake wa mwisho kabla ya kustaafu, akatoa karatasi mfukoni, wala si kwenye faili, akasoma. Msaidizi, alisema, ni mtu ambaye kazi yake hupimwa kwa makosa yasiyotokea. Huisikia sentensi kabla haijaisha. Asipokuja siku moja, ofisi nzima hutafuta miwani iliyo usoni.

Nikasema moyoni, leo Mzee kaharibu kweli kweli, anadhani tumelala. Nikanyoosha mkono.

"Msaidizi wa nani, Mzee? Wa fundi, wa daktari, wa waziri? Kila kazi ina wake. Hilo ni neno la kamusi."

"Endelea," akasema.

"Na hayo mengine ni sifa, si maelezo. Nani kasema? Chanzo kiko wapi?"

Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Chanzo ninacho. Ila siwezi kukitaja."

"Basi haiingii. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Mikono ya kukataa ikainuka mezani pote, wangu wa kwanza.

Kitabu kilitoka Mzee ameshafariki. Nikampelekea mkewe nakala. Sebuleni kwao kiti cha Mzee kilikuwa bado kimeelekea dirishani, na hakuna aliyekikalia. Mama alikausha mikono, akakipakata kitabu, akaenda moja kwa moja kwenye herufi M. Kidole chake kikashuka, kikapanda, kikashuka tena.

"Msafara nauona. Msasa huu hapa. Msaidizi mbona simwoni?"

"Mama, umemjulia wapi?"

"Nisimjue vipi? Karatasi ile alinichosha nayo. Nikila ananisomea, nikifua ananisomea. Nikamwambia, si umwite tu huyo binti umshukuru kwa mdomo, utapungukiwa nini? Akasema ulimi unamgomea. Akasema wewe ukiisikia tu, utaelewa."

Sikuweza kumtazama. Nilikitazama kile kiti, nacho kilikuwa kibaya zaidi.

"Sasa nani kaikataa?" akauliza.

Ningeweza kusema kamati. Isingekuwa uongo.

"Msaidizi wake," nikasema.

Mama hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alikifunga kitabu, akakilaza juu ya kiti cha Mzee, akasimama.

"Siku ile alirudi na karatasi ileile mfukoni," akasema. "Nilipomuuliza imekuwaje, akaniambia tu, nimemfundisha vizuri mno."

Kisha akaenda kubandika chai.