Glavu za Torleiv

Meli ya wawindaji wa sili, wale wanyama wa bahari ya baridi, ilipotia nanga Tromsø, mji mzima ulikuwa umeshapata habari: wale waliopotelea kwenye barafu ya kaskazini wameonekana. Ragna alikwenda bandarini na Nils, mume wake wa pili. Wa kwanza, Torleiv, alikuwa mmoja wa wale waliopotea, miaka zaidi ya ishirini iliyopita.

Nahodha Hjalmar aliwakaribisha chumbani mwake, akawawekea kisanduku mezani. Ndani mlikuwa na kijiko, kiko, na glavu za sufu zenye maua ya nyota. Ragna alizitambua papo hapo. Alizifuma mwenyewe majira ya baridi walipooana.

"Alikuwa amezivaa," nahodha alisema. "Tulimkuta amezikwa vizuri, mama. Mawe yamepangwa juu yake, na skii mbili, zile mbao za kutelezea thelujini, zimefungwa msalaba."

"Nani alimzika?"

"Edvart Niska, mwenzake wa safari. Naye tulimkuta ndani ya hema, peke yake. Tumewarudisha wote wawili." Nahodha alishusha sauti. "Mikono yake ilikuwa imefungwa matambara."

Ragna alizigeuzageuza zile glavu. Mtu anakufa kwa baridi, ameziona glavu nzuri mikononi mwa maiti, na hazivui!

"Angezichukua tu," alisema, machozi yakimtiririka. "Torleiv asingemlaumu. Mjinga we, Edvart! Mjinga mwenye roho nzuri!"

"Ndugu zake wako wapi?" Nils aliuliza.

"Hana mtu. Alikuja kutoka Finland akiwa yatima. Manispaa itamzika kule pembeni, kwa wasio na wenyewe."

Ragna alimtazama Nils. Alikuwa na la kumwomba na hakujua aanzeje, maana kaburi alilolitaka lilikuwa katika kiwanja cha ukoo wa Nils.

"Usinitolee macho hivyo," Nils alisema. "Nafasi ipo. Wote wawili wakae pale."

"Na wewe je, siku yako ikifika?"

"Nitabanana nao. Nimeshazoea kulala na mtu anayekoroma."

Ragna alicheka huku analia, na nahodha naye akageuza uso kujifuta.

Jumapili iliyofuata waliwazika. Kabla jeneza la Edvart halijafungwa, Ragna alimvika zile glavu, kidole baada ya kidole, kama mama anavyomvika mwanawe asubuhi ya shule. "Asante, ndugu yangu," alimwambia. "Hukumwacha."

Waliporudi nyumbani Nils alichemsha kahawa, akakata mkate, akakaa.

"Haya, nihadithie," alisema. "Huyo Torleiv wako alikuwa mtu wa namna gani?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza, wala Ragna hakuwahi kuthubutu kusema. Alianza na vile Torleiv alivyokuwa hajui kabisa kucheza dansi.