Jina la Bibi wa Malolo

...lilianza na M, hilo angeweza kuliapia, au labda aliiona M kila mahali kwa sababu mama mkwe wake ni Mwamina na ndiye aliyekaa pale kwenye mkeka wa pili, ushungi umemfunika hadi kwenye nyusi, viganja vimefunguka kama vya wengine wote, na watu wote sebuleni walikuwa wameshafungua viganja, wanamngoja yeye Ismaily, mkwe aliyekosa mazishi, aanze dua na amtaje marehemu, bibi wa mkewe, kwa jina lake, maana ndivyo wanavyofanya watu wa nyumba hii ya Malolo, hawakugombezi, hawakuulizi ulikuwa wapi, wanakunawisha, wanakukalisha, halafu anasema Mjomba Saburi kwa upole ule unaouma kuliko kofi, "Mkwe, wewe hukuwepo kaburini, basi mrehemu bibi yetu hapa, umtaje, tumsomee Fatiha, ndipo tuje kwenye hilo la mkeo," na Mjomba Saburi ndiye wa kuogopwa, sio baba mkwe, kwa mila za huku mke ni wa mjomba wake, yeye ndiye aliyemtoa na yeye ndiye atakayesema Shakila anarudi Nachingwea au harudi... na krrr, krrr, kule mlangoni mtoto Samia, mjukuu wa nyumba, anaiburuta Datsun, kigari cha kutosha kiganjani, juu ya saruji, kwa ubavu, Mungu wangu, kwa ubavu, rangi nyekundu inabaki sakafuni, bado hajaufikia ule weusi wa boneti, na wewe Ismaily unawaza boneti wakati watu wamekunja miguu wanakungoja, jina, tafuta jina, Maua, Mariamu, Mwanaisha, hapana, Mwanaisha ni mke wa fundi baiskeli wa pale stendi.

Alimtupia jicho dada yake Biasha aliyemsindikiza, labda yeye analijua, lakini Biasha alikuwa amefumba macho kwa unyenyekevu mkubwa, akidhani kaka yake amezidiwa na uchungu, Biasha huyu huyu aliyekuja asubuhi kumpangia kapu la ukweni, sukari, sabuni, kanga doti mbili, akasema haingiwi nyumba ya watu yenye mtoto mikono mitupu, akanyoosha mkono kabatini, kwenye mkusanyo wa magari madogo ya mfano ya kaka yake, na kuchukua alichokiona kinang'aa kuliko vyote, hakuuliza, kwake yeye ni vigari vya watoto vilivyokosa watoto, na Ismaily hakujua mpaka walipofika hapa, Biasha alipokitoa kapuni na kusema "na hiki cha mjukuu, kaka yangu amemchagulia mwenyewe," watu wakacheka kwa furaha, na zawadi ya ukweni ikishatoka kapuni hairudi, hata iwe nini, angefanyaje, angemnyang'anya mtoto wa miaka mitatu mbele ya mama mkwe, akacheka naye, meno tu yalicheka... Datsun mbili-arobaini, ya mbio za magari za Safari za mwaka sabini na moja, namba kumi na moja mlangoni, milango inafunguka, usukani ukizungushwa matairi ya mbele yanafuata, matope yamechorwa kwa brashi kwenye madirisha ya nyuma, wipa nyembamba kama unywele, tena ile ile, kati ya vigari vyote vya kabati zima, Biasha kachukua ile ile iliyokuja siku ya msiba.

Siku ile simu ililia akiwa stendi ya Nachingwea, Shakila analia upande wa pili, "Bibi ametutoka, mazishi baada ya adhuhuri, njoo na gari lolote," akasema inna lillahi, akasema nakuja, na ni kweli alitaka kwenda, hakuwa mtu mbaya, ila basi la Dar lilikuwa limeshapita Mtua, kondakta kampigia, na kifurushi kisichopokelewa na mwenyewe kinatupwa ovyo ofisini juu ya magunia ya ufuta, akajiambia basi likifika tu napanda bodaboda, likachelewa, likafika, akafungua boksi palepale aone tu kama vioo ni vizima, kioo kimoja kilikuwa kimechomoka, akarudi nyumbani kukigandisha kabla gundi ya kiwandani haijapukutika, dakika chache tu, alisema, na alipoinua kichwa muadhini alikuwa anaadhini alasiri. Malolo walikuwa wameshafukia. Akawapigia, akasema gari limeniharibikia Ruponda. Gari limeharibika, alisema hivyo kwa ulimi wake, na Shakila akasema haya, na baada ya arobaini hakurudi.

"Tunakusikiliza, mkwe," alisema Mjomba Saburi.

Ndiyo, ndiyo Mjomba, naanza... alikohoa, akajipa pumzi moja zaidi, bibi mwenyewe alimwona sawasawa, mfupi, mweusi tii, mdomo wa juu una tundu la ndonya, pambo la mabibi wa zamani, lililokwisha kuziba, siku ya harusi alimshika mkono kwa viganja vyake vikavu vya kubangulia korosho, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kutafuta tafuta, "Mimi naitwa..." na akataja, alitaja wazi, akacheka, akasema "usinisahau ukinizoea," na Ismaily akaitikia ndiyo bibi huku akiwaza kama ile Peugeot mia tano na nne imeuzwa au bado ipo, naam, Peugeot anaikumbuka, rangi ya fedha, taa sita mbele, na kila msimu bibi alimpelekea korosho za kuchoma, zimefungwa kwenye kitambaa, akazitafuna mezani akibandika namba za milangoni, na akimtaja alisema "yule bibi yako", "yule wa Malolo", miaka saba anatafuna korosho za mtu asiyemjua jina. Mwana... Mwanahawa? Somoe? Lilikuwa jina fupi. Hapana, lilikuwa refu.

Njia ipo lakini, mbona ipo, akili ya mkwe haikosi mlango, aseme koo limemkauka kwa majonzi, Mjomba wewe ni mkubwa wetu tuongoze, na watu watasema maskini, kumbe alimpenda, na Mjomba atamtaja mwenyewe, na Ismaily atalidaka jina hapo hapo na kulirudia mara tatu mbele yao kwa sauti ya kulia, nani atajua, dua itapita, maneno yatafika kwenye suluhu, jioni anarudi na mkewe... tayari alishakunja uso wa majonzi, alishashika koo, na ndipo ikatoka sauti nyuma ya pazia la chumbani, sauti aliyoikosa siku zote hizi, ya chini, haikumkusudia yeye, "Samia, mama, usiiburute hivyo, hiyo ni Datsun, ile ya mwaka sabini na moja, mlango wake haustahimili, ishike kwa chini, kwenye matairi." Krrr ikakoma.

Mkono wa Ismaily ukabaki kooni. Ile ya mwaka sabini na moja... hakuwahi kumfundisha, alikuwa akisema peke yake tu pale mezani, anaongea na gundi na brashi, alidhani Shakila yuko jikoni na mambo yake, kumbe Shakila alisikiliza, neno baada ya neno, mwaka, milango, mahali pa kushika, alikibeba kitu cha mumewe kichwani ingawa hakikumhusu hata chembe, na lile boksi aliliona siku alipopita Nachingwea kuchukua nguo za matanga, tarehe ya stendi imeandikwa juu yake kwa wino mkubwa, aliijua Ruponda ya uongo tangu siku hiyo, na bado hapo anamwambia mtoto asiivunje... na yeye mumewe ana nini cha Shakila kichwani, apekue, apekue hata kimoja, rangi aipendayo, ndoto yake, jina la bibi aliyemlea, hana, kabati tupu, na ile hila iliyokuwa imeshafika mdomoni akaiona ilivyo, ni kumfukia bibi mara ya pili bila kuwepo. Aibu ikampanda, ya kweli sasa, si ile ya kuwaogopa wakwe, na Mjomba Saburi akamtazama, na Biasha akafumbua jicho moja, na akajua kwamba akisema hili linaweza kuwa ndilo neno la mwisho kwenye ndoa yake, mwanaume gani anafuata mke na hajui msiba wa nani alioukosa, kaa kimya, sema koo, sema lolote...

"Shakila," alisema, akiligeukia pazia, viganja vyake vimefunguka tena, "sijui jina la bibi. Aliniambia, sikumsikiliza. Niambie wewe."

Mwamina akainua ushungi akamtazama. Hakuna aliyeshusha mikono, na pazia lilikuwa limetulia vile vile, na Ismaily alilitazama bila kuomba lolote, hakuwaza kurudi na nani jioni, alitega tu masikio yake yote mawili, asije akalikosa jina.