Alama Nyuma ya Mlango wa Jiko

Katika nyumba yetu, asiyenawa mikono haketi mezani. Hula amesimama mlangoni, sahani mkononi, mpaka wenzake wamalize. Sheria hiyo niliiweka mimi, na aliyeadhibiwa mara nyingi kuliko wote ni mjukuu wangu wa miaka sita, tuliyempa jina la Chiriku kwa ajili ya mdomo wake.

Kumpa mbwa wetu, Askari, dawa ya minyoo ilikuwa kazi yangu. Kila baada ya miezi mitatu nilimpa, kisha nikatia alama kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Mwaka jana nilianza kutia alama kwanza. Mbwa alikuwa amenona, manyoya yanang'aa. Nikajiambia nitampa kesho. Kesho yake niliiona alama, nikaridhika. Na Chiriku alikuwa akipika ugali wa udongo kando ya banda la mbwa.

Alipoanza kujigonga bega la kushoto milangoni, tulimcheka.

"Mlango umekukosea nini?" mama yake, mke wa mwanangu, alimwuliza.

"Umenisogelea wenyewe!"

Daktari wa macho alimfunika jicho la kulia, akainua vidole. Chiriku akanyamaza, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Daktari alitueleza kwamba mayai ya minyoo ya mbwa hukaa udongoni penye kinyesi chake. Mtoto huyameza kwa mikono michafu, na minyoo michanga husafiri mwilini. Mmoja ulikuwa umeacha kovu ndani ya jicho la kushoto. Uoni wake hautarudi.

"Mbwa hupewa dawa?"

"Kwa hilo usitutilie shaka, daktari," mkwe wangu alisema. "Baba hakosi. Alama zipo."

"Alama zipo, mwanangu," nikasema. "Dawa sikutoa. Mwaka mzima."

Mkwe wangu aliinuka. Alimshika mtoto mkono, wakatangulia.

Kesho yake asubuhi nilimnywesha Askari dawa, nikamshika taya mpaka akameza. Nilizoa kinyesi ua mzima. Mchana nilinawa, nikachukua sahani yangu, nikaenda mlangoni.

"Keti, baba," mkwe wangu alisema bila kunitazama.

"Kwani babu hakunawa?" Chiriku aliuliza, akigeuza kichwa chote ili anione.

"Nilifanya kosa kubwa kuliko hilo."

Akafikiri. "Basi simama. Mpaka tumalize."

Alikula polepole mno siku hiyo, kijiko kikigonga meza kabla ya kuipata sahani. Nilisimama mpaka kijiko chake cha mwisho.