Saa Sita, Mpishi Aende Nyumbani

Asubuhi ya Jumatatu, Zedekiah Were alitia majani ya chai kwenye birika, akalifunika kwa kitambaa, akapanga vikombe viwili kwenye trei, cha Bwana mkono ukielekea kulia, cha Bibi ukielekea kushoto. Alikuwa amepika katika nyumba ile ya Loresho miaka kumi na mmoja. Mzungu aliyemwajiri alirudi kwao akamwacha pamoja na jiko, makabati na kengele ya kumwitia, na Bwana Jamleck, mkubwa wa ofisi moja mjini, akachukua nyumba na vyote vilivyokuwamo. Kengele hakuibadilisha hata mlio.

Ukutani kulikuwa na karatasi mpya. Bwana Jamleck alikuwa amerudi kutoka kozi Uingereza na kijitabu kilichoeleza namna ya kurahisisha mazoea ya kila siku: kazi zifungamanishwe, kila moja ivute inayofuata. Akaandika ratiba ya nyumba kwa mkono wake, na kwa kuwa ulikuwa mwaka ule wabunge walipoambiwa wajadiliane kwa Kiswahili, naye akaiandika kwa Kiswahili. Chai ivute vitanda. Vitanda vivute ufagio. Kazi zilikuwa kumi na tatu, na chini yake mstari wa mwisho: Saa sita, kazi imekwisha, mpishi aende nyumbani.

Zedekiah aliusoma mara mbili, akakunja mikono ya shati.

Kijitabu hakikuwa cha uongo. Chai ilipomiminwa, mashuka yalijitandua yenyewe huko juu. Mashuka yaliporudi kitandani, ufagio ulikuwa umeshafika kwenye ngazi. Zedekiah alifuata nyuma, akisaidia pale ilipohitajika. Kufikia saa tano na nusu, hata nyama ya jioni ilikuwa imeiva na sufuria zimesuguliwa.

Saa ya sebuleni ikagonga kumi na mbili, ndiyo saa sita mchana, na jioni ikaingia. Jua lilishuka upande wa Kabete, juu ya kiwanja cha Bwana Jamleck peke yake, nyenje wakaanza kulia na kuku wakapanda kulala. Bibi Wanjugu akafunga mapazia, akala chakula cha jioni, akaenda kupumzika. Zedekiah akatundika aproni.

"Leo umetoka mapema, mzee," alisema Mwololo, askari wa lango, mguu mmoja gizani na mwingine juani.

"Kazi imeisha."

Akavuka kijito, akapanda kwake Kangemi mchana kweupe. Kwa kawaida alitoka nyumbani mtoto bado amelala na kurudi mtoto ameshalala, na Jumapili Bwana alikuwa na wageni wa kanisani. Bintiye Philister, mwenye miaka minne, alikuwa anacheza mlangoni. Alimtazama, akakimbilia gauni la mamake.

"Ni babako," Peres alimwambia.

"Baba ni viatu," mtoto akasema.

Alisema kweli. Alichokijua ni viatu vinavyovuliwa gizani na kuvaliwa gizani. Miaka minne mtoto analala chumba kimoja na babake, na uso wake haujui! Huo ni wizi, na Bwana aliyeufanya alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kiti chake mbele kabisa.

Siku ile Zedekiah alikaa tu mahali alipoweza kuonekana. Jumanne Philister alimgusa ndevu. Jumatano alimletea bakuli la udongo, akamwamuru ale ugali. Ijumaa alikuwa akimngoja kijitoni, akipiga kelele kabla hajavuka, na Zedekiah, mwanamume wa miaka hamsini, alilia waziwazi njiani bila kujificha.

Bwana Jamleck, ambaye hurudi usiku, hakujua lolote mpaka Jumamosi, alipoleta wageni wanne kwa chakula cha mchana. Iliwabidi wawashe taa za gari kuingia langoni. Mgeni mmoja akauliza kama stima imepotea. Mwololo akatumwa Kangemi, akamkuta Zedekiah amemweka mtoto kwenye karai, anamwosha. Zedekiah akafuta mikono, akafuata.

"Nani alikuambia uende saa hizi?" Bwana Jamleck aliuliza.

"Karatasi, Bwana. Imesema saa sita."

"Nilimaanisha six o'clock!"

"Six ni saa kumi na mbili, Bwana."

"Sasa wewe ndio utanifundisha Kiswahili?"

"Andika tu kumi na mbili, Baba Haron," alisema Bibi Wanjugu. "Hata mimi nimechoka kulala mchana."

Bwana Jamleck akatoa kalamu. Kisha akafikiri. Kwa hesabu yake saa kumi na mbili ilikuwa mapema mno, maana wageni hula saa mbili, na wengine hukawia kwenye mazungumzo. Kijitabu hakikusema lazima kazi iwe na mwisho. Akaukata mstari wa mwisho wote, wino ukapenya hadi nyuma ya karatasi.

Jua likarudi juu, likafika saa tisa alasiri, likasimama. Kazi ya kumi na tatu ilipokosa pa kuishia, ikavuta ya kwanza.

Zedekiah aliomba ruhusa mara moja tu.

"Kazi imeisha?" Bwana akauliza.

"Bado, Bwana."

"Basi."

Lango lilikuwa wazi. Hakuna aliyelifunga, na jambo hilo ndilo linalotia uchungu zaidi. Lakini mpishi anayeondoka kazi ikiendelea amejifukuza mwenyewe, na hakuna nyumba nyingine itakayompokea bila barua ya sifa. Kwa hiyo alisema atamalizia vyombo kwanza.

Nje siku ziliendelea. Peres alikuja langoni, mwanzo kila jioni, baadaye kila mwisho wa mwezi.

"Kazi yake bado kuisha, Mama Philister," Mwololo alimwambia, akitazama chini kwa aibu. "Ikiisha si atatoka?"

Bwana Jamleck alizoea kulala na mapazia mazito. Bibi alisifu jinsi nguo zinavyokauka. Mchungaji alikuja, akaomba, akamshukuru Mungu kwa nyumba yenye nuru isiyokoma, akala keki vipande vitatu vilivyoletwa na Zedekiah. Majirani waliiomba ile ratiba wakainakili, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata, nyumba tatu nyingine za mtaa ule hazikuwa na jioni. Mtu akitazama kutoka Kangemi usiku, aliziona zimekaa mchana.

Mwaka wa tano Philister alikwenda peke yake, amevaa sare ya shule. Zedekiah alikuwa akianika vitambaa vya meza karibu na ua. Kwake ilikuwa Jumamosi ileile, na mvi hazikuwa zimeongezeka.

"Habari, baba," msichana alisema.

Kila mtoto mwenye adabu humwita mtu mzima baba. Zedekiah akajibu, "Nzuri, mama. Umetoka wapi?"

"Kangemi."

"Kangemi! Basi nisaidie. Unamjua Peres, mama wa Philister?"

"Namjua."

"Mwambie nimekawia kidogo, lakini namalizia sasa hivi. Asimlaze mtoto. Amkalishe mlangoni, nitafika jua likiwa bado liko."

Philister alimtazama usoni, akautazama vizuri, kuanzia paji la uso hadi ndevu.

"Mtoto hatalala," alisema.

"Vizuri sana. Asante, mama."

Kengele ikalia ndani. Zedekiah akaokota kapu la nguo na kwenda mbio, na Philister akashuka bondeni kupeleka ujumbe.