Sikio la Kushoto la Bi Mkunjo

Bi Mkunjo alibana pua kwa vidole viwili, akafumba mdomo, akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Sikio la kulia likalia pwa na kufunguka. La kushoto likabaki vilevile, limeziba kama lilivyokuwa tangu usaha ulipokauka. Akarudia tena mbele ya kioo cha chumba cha kubadilishia nguo, akafuta machozi yaliyomtoka kwa kujikamua, akafunga kilemba chake cha kazi na kwenda kwenye rola.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha. Homa ilishuka, maumivu yakaondoka, dawa alizimeza zote kama alivyoagizwa. Kilichobaki ni huko kuziba tu, na kila mtu alikuwa na tiba yake. Aliambiwa atafune, akatafuna mpaka taya likamwuma. Aliambiwa aruke kwa mguu mmoja huku ameinamisha kichwa, akaruka uani kwake, majirani wakimhesabia. Aliambiwa apige miayo, akapiga miayo kazini mpaka nyapara akamuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitanda.

Kampuni yao ilifua mashuka ya mahoteli. Shuka likishakamuliwa hupelekwa kwenye rola, mashine ya pasi yenye mapipa mawili ya chuma cha moto yanayozunguka na kulimeza. Mbele ya mapipa hayo kuna kinga, bamba la chuma linalozuia mikono isifuate shuka ndani. Kuilisha rola ni kazi ya watu wawili, bega kwa bega, kila mmoja na ncha yake. Bi Mkunjo hakutoka upande wa kulia, kwa sababu mkono wake ndio ulioondoa mikunjo kuliko mikono yote, na jina alilipata hapo. Aliyesimama kushoto kwake alibadilishwa kila rundo la mashuka lilipokwisha, ili joto liwapate wote sawasawa. Kwa hiyo kila mfanyakazi alipata zamu ya kusimama na mdomo wake karibu na sikio lililoziba, katika kelele ambayo hata kuomba maji ilibidi mtu apige ukelele.

Walipojua kwamba sikio lile halisikii, wakaanza kuliambia mambo. Alianza Twiga, yule mrefu wa upande wa sabuni, kwa jambo dogo la mama mkwe wake. Alipomaliza akajisikia mwepesi, na siku hiyo alikula chakula cha watu wawili. Wengine wakafuata. Walidhani neno likishaingia kwenye sikio lililoziba limekwenda moja kwa moja, kama maji ya suuza yanavyokwenda na mtaro. Bi Mkunjo aliona midomo ikichezacheza pembeni mwa jicho lake, akadhani wenzake wanaimba ili kazi iende.

Wao walizidi kunawiri, yeye alizidi kuwa mzito upande mmoja. Kichwa kilianza kuinama kushoto, kidogokidogo, mpaka kikalala begani. Fundi cherehani wa jirani alimpunguzia kola upande huo ili isimkwaruze, na hakumtoza kitu kwa kuwa ni kazi ndogo.

Nyumbani, mumewe naye alikaa kushoto kwake. Zamani yeye ndiye aliyekuwa fundi wa rola. Msimu wa wageni wa mwaka uliopita rola ilimla mkono wa kulia, na wote waliokuwepo walisema alipitisha mkono chini ya kinga mwenyewe kwa kiburi cha uzoefu. Pale hospitali alimwambia mkewe neno moja, "Kinga haikuwepo." Lakini Bi Mkunjo alikuwa amekuja mbio kutoka chumba cha kukunjia, na wakati wanamfunga mumewe kitambaa aliiona kinga kwa macho yake, imekazwa kila nati. Zaidi ya hayo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi pale, alikuwa zamu ileile na alisema kinga ilikuwepo muda wote. "Mkono umepotea, basi," Bi Mkunjo alimwambia mumewe. "Usiniongezee na uongo." Kampuni ilimwachisha mume kazi na kumweka mke mahali pake. Tangu hapo mume hakulitaja tena jambo hilo kwenye sikio la kulia. Lakini tangu la kushoto lilipoziba, jioni alikaa upande huo akichagua mchele kwa mkono uliobaki, na midomo yake ilicheza kama ya wengine.

Kichwa kilipogusa bega kabisa, Bi Mkunjo aliomba ruhusa akaenda zahanati.

Muuguzi alichungulia kwa kitochi chake. "Ngoma ya sikio ni nzima," alisema. "Umejaa tu, mama. Umejaa haswa." Akampa bakuli la chuma alishikilie chini ya sikio, akavuta maji ya uvuguvugu kwenye bomba kubwa lisilo na sindano, akaanza kusukuma taratibu.

Kilitoka kibonge cheusi kama punje ya pilipili manga. Kilipogusa maji ya bakuli kikafunguka na kusema kwa sauti ya Twiga, "Mama mkwe wangu ile sahani hakuivunja yeye, niliivunja mimi."

"Huyo ni nani?" muuguzi aliuliza.

"Wa kazini."

"Haya, inamisha tena. Kwa wengine huwa unatoka mchanga."

Vikatoka vibonge viwili vitatu vya mambo ya kawaida, mtu kumwonea wivu jirani, mtu kujifanya mgonjwa ili asiende msibani. Muuguzi alicheka kidogo. Kisha kikaanguka kimoja kizito kilichoruka na kugonga ukingo wa bakuli, na sauti ya nyapara ikasema, "Siku ile niliamuru kinga ifunguliwe kwa sababu mashuka yalikuwa mengi na kinga inachelewesha."

Bi Mkunjo alitaka kusimama, lakini bakuli lilikuwa mikononi mwake na maji yalikuwa yanaingia. Wa pili akasema, "Tuliirudisha wakati anafungwa kitambaa." Wa tatu akasema, "Tulikubaliana wote kusema vile." Wakaja wengine na wengine, sauti za watu aliogawana nao chai, kila mmoja akisema lilelile kwa maneno yake, na kila sauti ilimpiga upya kana kwamba iliyotangulia hakuisikia. Muuguzi hakucheka tena. Alijaza bomba, akasukuma.

"Dada," bakuli likasema kwa sauti ya mdogo wake, "spana niliishika mimi. Kufungua na kukaza."

Bakuli likayumba, maji yakamwagikia magotini. Mdogo wake! Aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, anayekuja kula kwake kila wikiendi na kumwambia mumewe, "Shemeji, niongezee mchuzi."

"Bado kidogo," alisema muuguzi. "Kuna kitu kimegandamana huku chini."

Vilikuwa vibonge vidogo sana, vigumu, vimeshikana kama kokoto za mtoni, vingi kuliko vyote vilivyotangulia. Vilianguka kwa mfululizo, na kila kimoja kilisema neno moja kwa sauti moja, ya mumewe, bila hasira, kila jioni na lake. "Kinga haikuwepo. Kinga haikuwepo. Kinga haikuwepo." Muuguzi aliacha kusukuma na kusubiri yaishe. Ilichukua muda.

"Limezibuka," alisema mwishowe, akampa kitambaa ajifute. "Usiingize maji kwa sasa. Hivi utavichukua au nivimwage?"

Bi Mkunjo alivichukua, kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko. Kichwa chake kilikuwa kimenyooka, na aliisikia dunia yote pande mbili, na hakufurahia hata chembe. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja, akaifungua chupa juu ya meza.

Meneja alisikiliza yote kwa utulivu. Alikuwa mtu msikivu.

"Ni sauti zao," alikubali. "Hii ya nyapara hata mtoto angeitambua. Sasa niambie, mama. Wakati wanakuambia, ulisikia?"

"Sikusikia. Sikio lilikuwa limeziba."

"Basi hujaambiwa."

"Si hayo hapo, yanasema?"

"Mtu akisema pasipo na wa kumsikia, amezungumza peke yake. Siwezi kumwadhibu mtu kwa kuzungumza peke yake, hapa tutabaki na nani? Waambie waje wayaseme kwenye sikio linalosikia, nami nitachukua hatua leo hiihii." Akamfungia kifuniko vizuri na kumpa pole kwa ugonjwa.

Bi Mkunjo alishuka hadi kwenye ukumbi wa kazi akawaambia. Hakuna aliyekana wala aliyeinamisha uso. Walimwambia hayo walishayasema, na mzigo ukishatuliwa mtu haubebi tena ili autue mara ya pili. Twiga tu ndiye aliyemvuta kando na kumwomba, kama haitamsumbua, amrudishie lile la sahani, maana tangu alitoe hana cha kuwaza akiwa anafua.

Mdogo wake alikuwa amepiga magoti mbele ya rola. Msimu wa wageni ulikuwa umeanza tena, mashuka yamefika hadi dirishani. Alikuwa na spana mkononi na kinga ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Wewe ndiye?" Bi Mkunjo aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimshtua kwa ukubwa.

"Si umeshasikia, dada."

"Mwaka mzima namwita mume wangu mwongo. Mwaka mzima! Na wewe unakuja kwangu, unakaa, unakula."

Mdogo mtu aliweka nati mfukoni ili isipotee. "Shemeji mkono ulikuwa umeshakwenda," alisema. "Ningesema, ningeufuata mimi. Ungepata faida gani kutupoteza wote wawili?" Akainuka, akajipangusa magoti. "Kesho asubuhi umepangwa hapa. Nyapara kasema kinga itarudi msimu ukiisha."

Nyumbani, mumewe alikuwa mezani, na sinia la mchele mbele yake. Bi Mkunjo aliiweka chupa rafuni na kubaki amesimama.

"Kinga haikuwepo," alisema.

"Haikuwepo," mumewe akajibu, akatupa punje mbovu.

Bi Mkunjo alingoja amfokee. Alitamani sana afokewe, angalau apate mahali pa kuanzia kulia. Mumewe akauliza tu kama sikio bado linatoa maji. Bi Mkunjo akavuta kiti, akakaa, akamgeuzia upande wa kushoto.

"Niambie lolote," alisema. "Sasa linasikia."

Mumewe alifikiri. Aliangalia sikio lile, jekundu kidogo ukingoni kwa kazi ya bomba, kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kukaa.

"Sina tena," alisema. "Nilishayamaliza." Kisha akauliza, "Msimu umeanza?"

"Umeanza."

"Wameshaifungua?"

"Wameifungua leo."

"Na wewe kesho uko hapo."

"Niko hapo."

Mumewe akalisogeza sinia la mchele. Akaingia chumbani, akarudi na shuka la kitanda chao, akalitandaza juu ya meza mpaka likaning'inia ukingoni. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na haraka tu.

"Usilishike kwa vidole," alisema. "Mimi nililishika kwa vidole. Weka kiganja juu, wazi, hivi, usukume, na ukiona linavuta uliachie hata kama lina mkunjo. Liache liende na mkunjo wake. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nionyeshe."

Bi Mkunjo akaweka viganja vyake viwili juu ya shuka na kusukuma. Mumewe akamwambia arudie.